Nyumba Ilijua Amefika

Kwenye daraja la mbao la soko la Lilongwe hakuna ruhusa ya kusimama. Ukisimama unasukumwa, ukisukumwa unatukana, ukitukana unajibiwa kwa Kichewa kitakachokufuata mpaka nyumbani. Noël alisimama. Alikuwa amejitwika spika kubwa kichwani, jasho linamwingia machoni, na mbele yake alitokea msichana aliyebeba jora la kitenge begani, amelilaza hivi kwamba lilifunga njia yote.

"Dada, geuza ile kitambaa, mi nipite."

"Geuza we ile kabati yako."

"Hii si kabati, ni baffle. Inaimba."

"Basi iambie iimbe ikirudi nyuma."

Watu wa nyuma walicheka, kisha wakaanza kufoka. Noël hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma na yeyote, lakini alimtazama yule msichana mara moja na miguu ikaanza yenyewe kurudi kinyumenyume, daraja zima, spika kichwani. Msichana alivaa gauni la njano lenye marinda mabegani, limeshonwa na mkono unaojua mwili wa mwenyewe. Ngozi yake nyeusi iling'aa kwa jua, na alipofika ng'ambo alikuwa anajizuia kucheka, akashindwa.

"Pole, kaka. We unafanya kazi ya miziki?"

"Nafunga miziki kwa nyumba za bantu. Kompyuta moja, na nyumba yote inaimba."

"Baba yangu mudogo anatafuta mutu wa vile. CD zake zimejaa sanduku na redio imekufa."

"We jina nani?"

"Dévote."

"Mi Noël."

"Noël? Krismasi bado."

Siku hiyohiyo Dévote alimpa namba ya simu. Alijiambia ni kwa ajili ya CD za baba yake mdogo, na sisi tumwache aamini hivyo.

Noël alikuwa mtoto wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita viliwatoa kwao yeye na mama yake, wakaangukia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na humo ndimo alimojifunza kufungua na kufunga kila kitu chenye waya. Mama yake, Benedicte, wote walimwita Mama Noël. Alikuwa mjane, muuza sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, sauti ya kwanza katika kwaya ya kina mama, na akishasema jambo, kambi nzima hujua kwamba mjadala umekwisha. Dévote alikuwa Mrundi. Baba yake alipofariki, alilelewa na baba yake mdogo, mzee Havyarimana, aliyeoa Mmalawi na kufungua duka Area 49, upande wa New Shire, kwa jina la mkewe. Dévote alishona nguo kwenye baraza la nyumba hiyo.

Kazi ilianza. Kompyuta ikawekwa kwenye kona ya sebule, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha Dévote. CD za mzee zikamezwa moja baada ya nyingine, nyimbo zikapangwa: za kwaya mahali pake, za harusi mahali pake, za ngoma za Burundi mahali pake. Betri ikakaa chini ya meza kwa ajili ya siku umeme unapokatika, yaani karibu siku zote. Waya zikapanda darini, zikashuka sebuleni na jikoni. Ilikuwa kazi ya siku chache. Noël aliifanya ichukue wiki.

"Unatafuta nini tena kule juu?" Dévote aliuliza, ameshika ngazi, uso ameuinua.

"Natafuta sababu ya kurudia kesho."

"Na kama hauipati?"

"Nitakata waya moja, chérie. Niiunge tena."

Mapenzi hayakuchelewa. Simu zilipigwa asubuhi, mchana na jioni, hata mkewe Havyarimana, kabla ya kwenda Mponela kununua mahindi ya duka, alimtania Dévote kwamba sikio lake litaota mizizi. Siku moja Dévote akishona, akiimba kwa sauti ya chini kama kawaida yake, Noël alimrekodi bila kumwambia, kipande kifupi, cherehani ikisikika nyuma. Akakiweka kwenye kompyuta na kuiamuru: simu yake ikikaribia tu, ijiunge yenyewe na kompyuta, na kipande hicho kilie.

"Nikifika tu kwa geti," alimwambia, "nyumba itajua niko. Utajisikia we mwenyewe unaimba, njo utajua ni mi."

"Na ukifika na bibi mwengine?"

"Itakataa kuimba."

Dévote alicheka mpaka akaketi. Jina ambalo Noël aliipa ile kompyuta, lile linaloonekana kwenye kioo cha simu ikijiunga, lilikuwa "Nyumba ya Dévote".

Mzee Havyarimana hakuwa kipofu. Alimwita kijana sebuleni, akamkaribisha chai ya maziwa, akamwacha anywe kwanza.

"Mwana wa Kongo, miziki yako ni muzuri. Sasa sikiliza na ya kwangu. Kwetu mwanaume hajisemei, anasemewa. Jumapili inayokuja ninaita bazee kwa hii salon. Mama yako aje aseme kile anatafuta kwangu. Asipokuja, usirudilie tena hii geti."

"Ndiyo, papa. Atakuja."

"Umesha mwambia?"

"Nitamwambia."

Hapa ndipo ninapomkasirikia kijana huyu. Alikuwa na ulimi wa kujibizana na msichana mchekaji, wa kumtuliza mteja mwenye hasira, lakini mbele ya mama yake ulimi huo ulikuwa unakauka. Kwani habari zilikuwa zimeshafika Dzaleka. Mama alishamtumia ujumbe wa sauti, mkali, na Noël alishaujibu. Alivyoujibu, alijua yeye na simu yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na simu ya Noël ilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ijumaa asubuhi alikuja kufunga spika ya mwisho, ya baraza. Jirani na geti kuna kinu cha kusaga mahindi, na siku za kazi kinanguruma mpaka meno yanatetemeka. Noël aliingia getini, akaweka spika chini kivulini. Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe mwingine wa Mama, safari hii wa maandishi: "Kama vile ulinipa neno lako, nimesha ambia batu ya Arlène."

Arlène alikuwa binti wa Bukavu, mwimbaji mwenzake Mama. Neno gani alimpa? Akarudi nyuma kwenye mazungumzo yao ili asikie mwenyewe alichosema. Akabonyeza, akaweka simu sikioni. Hakusikia kitu. Akakilaani kinu, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Ndani, nyumba ilikuwa imeshaimba. Dévote alikuwa anapiga pasi pazia jipya la Jumapili. Aliposikia sauti yake mwenyewe na cherehani yake, aliacha pasi, akakimbilia kioo, akanyoosha kilemba. Mzee Havyarimana, na kikombe chake mkononi, alijifanya hakuona. Halafu sebuleni pakaingia sauti ya mwanamke asiyekuwemo.

"Noël mwana wangu, banasema kuko mutoto wa Burundi kule Lilongwe. Usiniletee! Nitaongea naye nini? Mashi, luga yetu, hajue. Na bale bantu banaweka mambo moyoni, hauwezi jua banakuwazia nini. Ukimuleta kwa nyumba yangu, mi natoka."

Mzee aliweka kikombe chini. Dévote aligeuka kuitazama kompyuta, kisha spika, kisha mlango. Sauti ikapanda zaidi, jikoni na sebuleni kwa pamoja, safi, bila mkwaruzo hata mmoja, maana fundi alikuwa fundi. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa Noël mwenyewe.

"Mama, tuliza roho. Nani alikudanganya? Ule ni mutu wa kazi tu. Nafunga mashini kwa nyumba ya baba yake mudogo, kazi ikiisha, njo bye. Mi siwezi kuoa kule. Nitaoa ule utachagua we."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa sebule. Pasi ilikuwa juu ya pazia. Dévote hakuikimbilia.

Noël aliingia na spika mikononi, akitabasamu tabasamu la mtu mwenye deni la maneno.

"Hodi! Mbona munanyamaza hivi?"

"Kazi yako ni safi," mzee alisema. "Tumesikia kila neno."

"Neno gani, papa?"

"Angalia simu yako," Dévote alisema.

Akaangalia. Juu ya kioo palikuwa pameandikwa kwamba simu imejiunga na Nyumba ya Dévote. Spika ilimteleza, ikampiga mguuni, na hata kuguna hakuguna.

"Dévote, roho yangu, nilisema vile juu ya kuogopa mama."

"Kuogopa mama si mubaya. Mi pia namuogopa. Nilikuwa napiga pasi pazia ya kumupokelea."

"Acha nikuelezee—"

"Umesha elezea. Baffle yako inaelezea muzuri." Aliinama mbele ya kompyuta. Noël mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi ya kuiendesha, mkono juu ya mkono, siku za mapenzi. Akaitafuta simu ya Noël kwenye orodha, akaifuta. Kisha akamkusanyia bisibisi zake, koleo yake, waya zilizobaki, akavitia kwenye mfuko na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyokabidhiwa mgeni. "Kazi imeisha," alisema, macho makavu. "Njo bye."

Mzee Havyarimana alimsindikiza mpaka getini. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Noël kuliko ngumi.

"Bazee nimesha baita," alisema. "Siwezi kwenda kubaambia kile nilisikia ndani ya nyumba yangu. Jumapili batakaa, batakula, bataenda. Na huyu mutoto atabaki amekaa pale."

Geti likafungwa.

Noël alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena akiwa kituoni, akapiga akiwa amekaa ukingoni mwa barabara, akapiga mpaka betri ikaanza kulia. Jioni, jua bado halijazama, ikapokelewa.

"Dévote! Aksanti, chérie, aksanti. Nisikilize—"

"Sikupokea juu ya kukusikiliza. Napokea juu ya kukuambia uache kupiga. Unaniomba pardon kila saa, mais mi si njo ule uliambia uongo. Ulimwambia mama yako. Ule uongo uko kwake. Nenda uutoe kule."

"Na nikiutoa?"

Cherehani ilisikika ikizunguka mara moja, ikasimama.

"Sijue," Dévote alisema, na hapo tu sauti yake ikavunjika. Akakata simu upesi asije akasikika analia.

Jumamosi Noël alikuwa Dzaleka. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, mchi unapanda na kushuka, jasho kwenye paji la uso.

"Mwana wangu! Umekuja kumuona Arlène?"

"Mama, weka mchi chini."

"Niweke nini? Sombe inajitwanga?"

"Nilikudanganya. Ule mutoto wa Burundi si mutu wa kazi. Nampenda. Nataka kumuoa, na kesho bazee ba kwao banatungojea."

Mchi ulipigwa kinuni kwa nguvu mara moja, ukabaki humo.

"Batungojee! Mi nilisema na nimemaliza. Kesho niko na kwaya."

"Basi nitaenda peke yangu. Bakinifukuza, nimefukuzwa. Mais Arlène sioe. Ambia batu yake leo, ao nitabaambia mi."

Mama Noël alimtazama. Hakuwahi kuongeleshwa hivyo na mtoto huyu, na moyoni, japo alikuwa na hasira, aliona kwa mshangao kwamba kijana wake amekuwa mtu mzima.

"Nani amekuroga? Ni ye?"

"Hapana. Ni sauti yako, Mama." Akamweleza yote: geti, kinu, simu, sebule.

Mama alishika mdomo. "Sauti yangu? Ndani ya salon ya bantu? Yote?"

"Yote. Mpaka jikoni."

"Na ule mzee alisikia?"

"Alikuwa anakunywa chai."

"Yesu wangu." Akakaa juu ya kigoda. Kusema vibaya nyuma ya watu ni jambo moja, na Mama Noël alilifanya kama wengi wetu tunavyolifanya, bila kukosa usingizi. Lakini kumtukana mtu ndani ya nyumba yake, mbele ya kikombe chake cha chai! Alijisikia kama aliyekutwa uchi sokoni. "Na mutoto? Alisema nini?"

"Alikuwa anapiga pasi pazia ya kukupokelea. Iliungua."

Mama Noël alirudi kwenye kinu, akatwanga mpaka sombe ikawa maji. Noël alilala kambini bila kujua kesho itakuwaje, na asubuhi alipoamka mama yake alikuwa ameshavaa sare ya kwaya na kwenda kanisani.

Jumapili, Area 49. Wazee wa Kirundi wamekaa sebuleni na makoti yao, soda zimefunguliwa, wali unanukia. Dévote amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, alilojishonea kwa ajili ya siku hii. Hakutaka kulivaa; baba yake mdogo alimsihi. Dirishani lilitundikwa pazia la zamani. Kompyuta iliimba nyimbo ambazo Noël alizipanga kwa mkono wake, za kuwakaribisha wageni. Wimbo wa mwisho ukaisha. Hakukuwa na mwingine, maana kwa hesabu ya fundi saa hiyo yeye na mama yake wangekuwa wameshaketi.

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatazama saa, akamtazama Havyarimana, akatazama viatu vyake. Dévote aliweka mikono mapajani na kuitazama meza. Alijichukia kwa kuwa masikio yake bado yalikuwa getini.

"Tule tu," Havyarimana alisema, akasimama.

Nje kengele ya baiskeli ikalia. Kabaza mmoja, mbeba abiria kwa baiskeli, alisimama getini akihema, na juu ya kiti cha nyuma alikaa Mama Noël, mnene, wima, kwa sare ya kwaya, bakuli la sombe limefungwa kwa kitambaa mapajani. Noël alikuwa nyuma yake, amekimbia kutoka barabara kuu, shati limelowa. Mama alikuwa ametoka kanisani katikati ya ibada, kwaya ikiwa imeshasimama kuimba, akampitia mwanawe, wakapanda gari la Lilongwe. Kambini watalizungumza hilo mpaka mvua zinyeshe.

Aliingia sebuleni, akasalimu kwa kupiga magoti kidogo, hakukaa.

"Bazee, mi njo Benedicte, mama ya Noël. Mi njo ile sauti ya Ijumaa."

Wazee walitazamana. Hawakujua Ijumaa kulikuwa na nini. Havyarimana akainua mkono kumzuia.

"Mama, kaa kwanza. Ile haina haja."

"Iko na haja, papa. Nilitukana nyumba yako nikiwa mbali. Ninakuja kulimeza lile neno mahali lilitokea. Nilisema bantu ba Burundi banaweka mambo moyoni. Mi yangu nayasema yote, na muangalie imenifikisha wapi." Wengine walitaka kucheka, wakajizuia. "Sina mwanaume wa kunisemea. Najisemea. Naomba huyu mutoto awe mutoto wangu, kama angali anataka."

Havyarimana alimgeukia Dévote. "Mwana wanje, neno ni lako."

Dévote alinyamaza. Mama Noël aliyatazama macho yale yasiyosema kitu, yaani jambo lenyewe aliloliogopa, akalikumbatia bakuli lake la sombe kifuani.

"Noël," Dévote alisema hatimaye. "Mama yako huyu hapa. Mi ni nani?"

Noël alimtazama mama yake kwanza, usoni, ndipo akamgeukia msichana.

"We njo bibi yangu, kama utakubali. Nilikukana kwa uoga. Na uongo nimesha utoa."

Dévote akasimama, akampokea Mama bakuli, akaliweka mezani. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Mama, leta simu yako."

"Simu? Ya nini, mwana wangu?"

"Leta tu."

Akaenda nayo kwenye kompyuta, akainama, akabonyeza hapa na pale, akangoja, akairudisha kwa mikono miwili.

"Nimeiunga na nyumba. Mi sijue kusema sana, Mama, na Mashi utanifundisha pole pole. Mais siku ukiwa na neno juu yangu, kuja hapa kwa geti, useme na sauti. Nyumba yote isikie, na mi nisikie."

Mama Noël alicheka, kicheko cha kwaya, kikapanda mpaka darini kwenye waya za mwanawe, na machozi yakifuata nyuma yake. Akamvuta Dévote kifuani mpaka kola nyeupe ikakunjamana.

"Na ya kwangu?" Noël aliuliza, ameshika simu yake.

"Ya kwako nini?"

"Simu. Iunge tena, chérie."

"We?" Dévote alijifuta macho. "We toka inje, piga hodi kama bantu bengine."

Wazee waliangua kicheko. Noël alitoka kweli. Alivuka ua, akafunga geti nyuma yake, akasimama barabarani na shati lake lililolowa, akagonga.

"Hodi!"

Hakuna aliyemjibu. Akagonga tena, kwa hofu kidogo. Ndipo ndani, kwa kidole cha Dévote mwenyewe, cherehani ikaanza kuzunguka, na juu yake ile sauti ya chini ya msichana anayeimba huku akishona. Jumapili kinu hakisagi. Noël aliweka paji la uso kwenye bati la geti, akasikia kila neno.